Kabla Fedha Hazijatoka Mkononi: Ushauri kwa Wanaonunua na Kuuza Nyumba Mpepai

Mpepai nyumba haiuzwi yenyewe. Anayenunua nyumba ya matofali ya kuchoma, na bati lake na milango yake, ananunua pamoja nayo mibuni iliyo nyuma ya jiko, migomba, ngolo, yale mashamba ya mashimo, zinazoteremka hadi kijitoni, njia ambayo majirani hupita kwenda kuteka maji, na mara nyingi makaburi mawili matatu ya wazee walioufungua mji huo. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina mtu mwenye neno juu yake. Kwa hiyo ninapozungumzia msaada wa kisheria katika mauzo ya nyumba, naanza na watu kabla ya karatasi. Kazi ya kwanza ni kuwatambua wote ambao bila ridhaa yao mauzo hayasimami, na kuwaita waridhie hadharani kabla fedha hazijatoka mkononi mwa mnunuzi. Karatasi hufuata, ikiandika yale yaliyokubaliwa.

Wengi tunaenda kinyumenyume. Tunaandikishana jioni moja, fedha zinahesabiwa, mashahidi wanapewa cha kunywa, halafu baada ya muda anatokea shangazi kutoka Songea, au mtoto wa mke wa kwanza aliyekuwa Dar es Salaam, na hapo ndipo wakili anatafutwa. Wakili wa kesi ni ghali kuliko wakili wa mkataba. Na hata ukishinda, unakuwa umeishi miaka ndani ya nyumba usiyothubutu kuongeza chumba.

Jambo la kuuliza mwanzo kabisa ni hili: ardhi ilipo nyumba hiyo ni ya namna gani? Mpepai imo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Mbinga, na mji unapopanuka, mstari kati ya ardhi ya kijiji na eneo lililopangwa kuwa mji husogea. Nchi hii ina sheria mbili za mwaka 1999 zilizoanza kutumika Mei 2001: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Kiwanja kilichopimwa na kutolewa hati na serikali kinafuata ile ya kwanza. Mji wa ukoo ulio kijijini, uwe na hati ya hakimiliki ya kimila au usiwe nayo, unafuata ile ya pili. Hati ya kimila haina hadhi ndogo. Sheria inasema wazi kwamba hakimiliki ya kimila iko sawa kwa kila hali na ile inayotolewa na serikali. Tofauti ipo katika mlango wa kupitia wakati wa kuuza. Usikubali jibu la dalali juu ya jambo hili. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, Mbinga mjini, uulize kwa jina la kitongoji au mtaa, na ikiwezekana ukiwa na mchoro wa eneo.

Kama ni ardhi ya kijiji, mlango ni Halmashauri ya Kijiji. Hapa ndipo watu wengi wanapoponzwa, na nataka nikae hapa kidogo. Mwenyekiti wa kijiji ni mtu mmoja. Mwenyekiti wa kitongoji ni mtu mmoja. Mtendaji wa kijiji ni mtumishi mmoja. Halmashauri ya Kijiji ni chombo chenye wajumbe kati ya 15 na 25, kinachokaa kikao, kinachotimiza akidi, na kuandika muhtasari. Sheria inataka chombo hicho ndicho kiidhinishe mauzo. Muhuri wa mwenyekiti uliogongwa kwenye mkataba sebuleni kwake usiku hauwezi kuchukua nafasi ya kikao. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilishakataa mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na msimamo huo umeendelea kurudiwa mahakamani. Kwa hiyo mnunuzi asiridhike na muhuri. Aombe nakala ya muhtasari wa kikao, wenye tarehe, majina ya waliohudhuria, na agenda inayotaja jina la muuzaji, jina la mnunuzi na eneo linalouzwa. Nakala hiyo ibanwe pamoja na mkataba.

Halmashauri hiyo haikai kupiga muhuri tu. Inapaswa kumtazama mnunuzi kama ni raia na kama kweli anakusudia kuishi au kufanya kazi pale, na inapaswa kuangalia mauzo yasije yakamnyima mwanamke haki yake ya kutumia ardhi ile. Asiye raia hawezi kununua kabisa ardhi ya kijiji. Akitumia jina la mwenyeji kujificha, wote wawili wanajenga juu ya mchanga.

Na ile asilimia 10? Kuna mazoea katika sehemu nyingi za nchi, ofisi za vijiji na mitaa kudai sehemu ya kumi ya bei ili washuhudie mauzo. Ukidaiwa, omba kwa heshima uoneshwe sheria ndogo iliyopitishwa inayoruhusu tozo hiyo. Kama ipo, lipa kwa utaratibu wa serikali upewe stakabadhi. Kama haipo, hudaiwi.

Kwa kiwanja chenye hati ya serikali njia ni nyingine, na ina karatasi nyingi zaidi lakini utata mdogo. Wakili anafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kuona mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki au zuio, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Kisha zinajazwa fomu za ardhi, namba 29 ya kutoa taarifa ya uhamisho, namba 30 ya kuomba kibali, na namba 35 ya uhamisho wenyewe. Mwenyekiti wa mtaa huko ni shahidi tu.

Sasa turudi kwenye mji wa ukoo, maana ndio unaouzwa zaidi Mpepai. Nitaeleza karatasi ambayo mtu yeyote aliyekaa kwenye baraza la ardhi atakuwa ameiona. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Umeandikwa: mimi fulani nimemuuzia fulani shamba langu na nyumba iliyomo kwa bei kadhaa, nimepokea fedha zote, mashahidi ni hawa. Chini kuna sahihi nne, moja ya dole gumba, na muhuri wa rangi ya zambarau. Ukiisoma kwa macho ya baraza, haina mipaka. Haisemi muuzaji alilipataje eneo hilo. Haitaji mke. Haisemi kahawa iliyo mtini ni ya nani. Dole gumba halina maelezo kwamba mwenye dole alisomewa na akaelewa. Haina tarehe ya kukabidhiana nyumba. Kila pengo katika ukurasa ule ni mlango ambao mtu anaweza kuingilia.

Pengo kubwa ni lile la muuzaji alilipataje eneo. Wamatengo, wenyeji wa huku, wana utaratibu wao wa zamani wa kushika ardhi kwa ntambo, mgongo wa mlima kati ya vijito, chini ya ukoo, na wana sengu, kikao ambapo wazee na jamaa walikula pamoja na kumaliza mambo yao. Sheria ya leo haijaufuta utaratibu huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaitambua mila isipokuwa pale inapomnyima haki mwanamke, mtoto au mlemavu. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huomba kikao cha ukoo kikae na kiandikwe. Wawepo ndugu wa muuzaji, wake kwa waume, na wale walio mbali watume neno kwa maandishi. Lakini sengu haitoshi kama mwenye mji ameshafariki. Hapo anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari wa ukoo unampendekeza tu. Anayempa mamlaka ni hakimu, kwa barua ya uteuzi. Kaka mkubwa asiye na barua hiyo hana cha kuuza, hata kama yeye ndiye anayeishi mle, hata kama ndiye aliyezika. Na hata mwenye barua, muulize warithi ni nani na wamekubali kuuza au walitaka kugawana. Akiuza kwa siri ya wadogo zake, kesi yao itamkuta mnunuzi ndani ya nyumba.

Familia nyingi hukwepa mirathi kwa kuona ni usumbufu, na miaka inapita. Wanaokusudia kuuza waanze na hilo miezi kadhaa kabla: cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha ukoo, maombi mahakamani, tangazo, uteuzi. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa pia kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya ugawaji ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Mnunuzi anaweza kuomba kuona kwamba nyumba anayoitaka imo katika orodha hiyo.

Mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mmoja wa wanandoa kuuza, kuweka rehani au kukodisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hati ikiwa na jina la baba peke yake haibadilishi kitu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, sembuse mama wa Mpepai aliyechimba ngolo, akachuma kahawa na kubeba maji ya kufyatulia matofali. Kwa hiyo ridhaa yake iandikwe katika hati yake mwenyewe, asaini mbele ya wakili, aulizwe akiwa peke yake kama amekubali. Muuzaji akiwa na wake wawili, waulizwe wote wawili. Akisema mke aliondoka zamani, omba talaka ya mahakama. Maneno “tuliachana” hayatoshi. Na mama mjane asiambiwe kwamba nyumba ni ya shemeji zake. Aende kwa msaidizi wa kisheria kabla hajaweka dole popote.

Halafu kuna kahawa. Mtu wa Mbinga hahitaji kuelezwa magoma ni nini: mkulima mwenye shida anachukua fedha kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, na anazilipa kwa kilo wakati wa mavuno, kwa bei inayomuumiza. Mtu anayeuza nyumba kwa shida mara nyingi ameshapita kwenye magoma. Mnunuzi anakabidhiwa mji mwezi Machi, mwezi Juni mtu asiyemjua anakuja na magunia na karatasi yake kuchuma kahawa. Ulizia pia chama cha ushirika cha msingi, AMCOS, kama kuna deni la pembejeo, na SACCOS au benki kama hati ya kimila imewekwa dhamana. Kisha mkataba useme kwa maneno mafupi: mavuno ya msimu huu ni ya nani, mibuni ni mingapi, na kwamba muuzaji anathibitisha hakuna mkopo wala magoma juu ya kahawa hiyo, na kama yapo atayalipa yeye.

Siku ya kupima, usiende na dalali peke yake. Nenda na muuzaji, mke wake, majirani wa pande zote nne, mzee anayejua historia ya eneo, na mjumbe wa kijiji. Tembeeni mpaka wote kwa miguu. Anzieni pembeni mwa njia, mfuate masale au mti uliopandwa kama alama, mshuke kwenye ngolo hadi kijito, mpande upande wa pili. Kila jirani aseme hadharani, hapa ndipo penye mpaka wangu, na asaini kwenye mchoro. Ngolo hufukuliwa na kufanywa upya, na tuta linaweza kusogea. Kwa hiyo mchoro utaje vitu visivyosogea, kama mwamba au kona ya nyumba, na hatua kati ya kimoja na kingine. Leo simu nyingi zinaweza kusoma majira-nukta ya eneo; yaandikwe pia. Muulize kila jirani, mbele ya wenzake, njia ya maji inapita wapi. Kama inakatisha uani, iandikwe kwamba itaendelea. Nimeona ujirani mwema ukiharibika zaidi kwa ajili ya njia ya ndoo kuliko kwa ajili ya hekari nzima.

Makaburi yanahitaji utulivu zaidi. Usinunue mji wenye makaburi bila kuyataja kwenye mkataba. Mnaweza kukubaliana kwamba eneo la makaburi halijauzwa, lipimwe pembeni na kuachiwa njia. Au kwamba limeuzwa lakini ndugu wana haki ya kuja kusafisha na kusali. Vyote viwili vinakubalika. Kuyahamisha si uamuzi wa mnunuzi peke yake, na anayenyamaza juu ya jambo hili wakati wa kununua atalizungumza baadaye akiwa na watu wenye hasira.

Wanaonunua kandokando ya barabara kuu wapime kutoka katikati ya barabara: hifadhi chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande, na X nyekundu ya kubomolewa ukutani ni habari ambayo muuzaji hatakupa. Kwa wale wanaoteremka Mbamba Bay au Liuli kutafuta nyumba ya ufukweni, sasa lami imefika Mbamba Bay, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito. Masharti hayo ya mito yanagusa na baadhi ya viwanja vya mabondeni huku kwetu.

Je, wakili anapatikanaje? Kila wakili wa Tanzania Bara ameandikishwa na ana namba. Mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili unaonesha kama ana leseni ya kufanya kazi mwaka huu. Vishoka ni wengi, wenye mihuri mizuri. Sheria ya Mawakili inamzuia asiye wakili kuandaa hati za namna hii kwa malipo, na hati lazima ioneshe aliyeiandaa. Patana ada mapema, kwa maandishi, na useme unataka nini: achunguze umiliki, aandae mkataba na ridhaa, asimamie malipo, au yote. Muulize pia yeye ni wakili wa nani. Anayeletwa na muuzaji na kulipwa na muuzaji anamtetea muuzaji, na hakuna ubaya ndani yake ilimradi nawe una wa kukusomea. Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa huduma bila malipo, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imekuwa ikizunguka mikoani. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anajua wasaidizi walioandikishwa katika eneo lake.

Mzee asiyesoma, au anayezungumza Kimatengo vizuri kuliko Kiswahili, asomewe mkataba mzima kwa lugha yake, kipengele kwa kipengele, na mtu asiye na faida katika mauzo. Mkataba uandike kwamba hivyo ndivyo ilivyofanyika na nani alitafsiri. Asiharakishwe. Akisema nitafikiri, mrudi kesho.

Kuhusu fedha, zipite benki au kwa simu, zibaki na kumbukumbu. Gawanyeni: sehemu wakati wa kusaini, sehemu baada ya Halmashauri ya Kijiji kuidhinisha au hati kuhamishwa, na kiasi kidogo cha mwisho siku ya kukabidhiwa funguo. Muuzaji naye asikubali kuhama kwa ahadi, wala kusaini kwamba amepokea “fedha zote” wakati amepokea nusu. Maneno hayo yatasomwa mahakamani kama yalivyo. Na bei ya kwenye karatasi iwe bei ya kweli. Watu huandika bei ndogo wakikimbia kodi. Mauzo yakivunjika, mnunuzi atarudishiwa ile ndogo aliyoiandika. Kodi ya ongezeko la mtaji hutozwa kwenye faida, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina nafuu kwa mtu anayeuza nyumba aliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, faida isipovuka kiwango kilichowekwa. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, basi nendeni TRA mkaulize kabla ya kupatana nani alipe. Mkataba ulipiwe pia ushuru wa stempu ndani ya siku 30 baada ya kusainiwa. Usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi siku unapouhitaji zaidi.

Mgogoro ukizuka licha ya yote, ngazi ya kwanza kijijini ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi tena hukumu. Likishindwa linatoa cheti, nawe unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutoka hapo Mahakama Kuu. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Atakayekwambia subiri kwanza, mwonyeshe kalenda.

Na mauzo yakikamilika salama, bado kuna wiki moja ya kazi. Mnunuzi aende masijala ya ardhi ya kijiji kuona jina limebadilishwa kwenye daftari, apeleke hati ya kimila ya zamani ofisi ya ardhi ibadilishwe, abadilishe bili ya maji na umeme, na akajitambulishe AMCOS kabla ya msimu. Muuzaji abaki na nakala yake iliyosainiwa kila ukurasa, na stakabadhi ya kodi. Nakala ya tatu ikae ofisi ya kijiji, ya nne kwa wakili, mbali na nyumba yenyewe, maana nyumba za makuti na za bati zote huungua.